Daftari la Aprili: Tunavyoihukumu Ofisi ya Timu

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya Waswahili wenzangu wa magharibi mwa Michigan. Nimeyaandika tena kwa ajili ya waliokuwa kazini siku ile wakaniomba.

Shikamooni wazee wangu. Kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, habari za jioni. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mzee, vijana wanagombana kila wikiendi juu ya Lions. Njoo uwaeleze hayo mambo ya kuchagua wachezaji, wewe ndiye unayeyafuatilia." Nikamjibu nitakuja, ila nitakuja na daftari langu.

Ndilo hili. Jalada limechakaa, pembe zimekatika, na hapa katikati kuna doa la chai ambalo haliwezi kutoka tena. Nililianza Aprili 2009, mwaka wangu wa kwanza hapa Michigan. Detroit Lions, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, walikuwa wametoka kwenye msimu wa 2008, mechi 16, wakafungwa zote 16. Kiwandani, zamu ya usiku, wenzangu Wamarekani hawakutaka hata kulisikia jina la timu. Mzee mmoja wa mashine ya jirani akaniambia, subiri Aprili, maana Aprili timu mbovu kuliko zote ndiyo inayoanza kuchagua. Usiku huo nikakaa mbele ya runinga, wakamchukua Matthew Stafford, nikaandika jina lake na nilichofikiri. Tangu hapo kila Aprili naandika kabla sijalala: wamemchagua nani, wamelipa nini, mimi naonaje. Nilijiwekea sharti moja, kwamba nilichokwisha kuandika hakifutwi.

Naomba niwasomee ukurasa wa tarehe 27 Aprili 2023. "Nafasi ya 12, Gibbs, mkimbiza mpira. Nafasi ya 18, Campbell, mlinzi wa katikati. Wamepoteza usiku mzima. Hawa wangepatikana kesho." Kijana uliye hapo mbele, tazama. Kalamu imetoboa karatasi kwenye neno "usiku". Niliandika kwa hasira, na sikuwa peke yangu, kwani wachambuzi wengi nchi nzima waliamka asubuhi wakawapa Lions alama mbaya kwa raundi ile ya kwanza. Jioni hii nataka kuzungumza juu ya mistari hiyo minne. Nilikosea wapi, na wapi bado nasimama.

Kwa kina mama ambao mumewaona waume na watoto wakipiga kelele tu, nieleze kidogo. Nikisema drafti sina maana ya ile ya vizibo vya soda tunayocheza barazani. Ni mkutano wa kila mwaka ambapo timu 32 za ligi ya NFL zinapeana zamu ya kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Iliyofanya vibaya msimu uliopita inaanza, bingwa anamalizia, kisha wanarudia, raundi saba. Kijana hachagui klabu. Ukiitwa na Detroit, unakwenda Detroit. Wazo lilitoka kwa Bert Bell wa Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona timu chache tajiri zikichukua kila mwenye kipaji, na mara ya kwanza ilifanyika mwaka 1936. Jay Berwanger ndiye aliyetangulia kuitwa kuliko mtu yeyote katika historia ya mambo haya, na hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Hawakuelewana juu ya malipo, akaenda zake kufanya shughuli nyingine. Kwa hiyo chaguo la kwanza kabisa lilikuwa hasara tupu, na tangu siku ile hakuna aliyepata dawa.

Kuna jambo la fedha pia, na bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima wanalia usiku wa drafti. Ligi imeweka ukomo wa mishahara, kila timu ina kiasi chake na haiwezi kukipita, hata mmiliki awe tajiri namna gani. Tangu 2011 mshahara wa kijana mpya unapangwa na nafasi aliyochaguliwa. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyeitwa wa kwanza, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajatupa mpira hata mara moja. Mwaka uliofuata Cam Newton, wa kwanza pia, mkataba wake wote wa miaka minne ulikuwa kama milioni 22. Maana yake, ukimpata kijana mzuri unamtumia miaka minne kwa bei nafuu, na fedha iliyobaki unanunulia watu wengine. Ushindi mwingi katika ligi hii umejengwa juu ya vijana wanaofanya kazi kubwa kuliko mshahara wao. Mtu anaweza kusema hiyo si haki kwa kijana. Nakubaliana naye, ila hilo ni zungumzo la siku nyingine.

Sasa tuingie kwenyewe. Maprofesa wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akaja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, walikaa na rekodi za drafti za miaka mingi wakauliza swali ambalo hata mtoto angeuliza. Chukua wachezaji wawili wa nafasi moja uwanjani, tuseme walinzi wawili, mmoja aliitwa kwanza na mwingine ndiye mlinzi aliyefuata kuitwa. Yule wa kwanza huwa bora kuliko wa pili mara ngapi? Ofisi, yaani meneja mkuu na watu wake wanaochagua, zina wasaka vipaji wanaozunguka nchi mwaka mzima. Vijana wanapelekwa Indianapolis kupimwa mbio, kifua, mikono, mpaka magoti yanapigwa picha. Wanahojiwa, na walimu wao wa sekondari wanapigiwa simu. Baada ya kazi yote hiyo, jibu lilikuwa asilimia 52.

Hamsini na mbili! Ukirusha sarafu unapata hamsini.

Niliposoma hilo nililiweka daftari chini nikakaa kimya. Maana yake ni kwamba kuchagua ni kununua mbuzi kwenye gunia, na yule anayejigamba kwamba yeye anaona ndani ya gunia anatudanganya au anajidanganya. Simaanishi kazi ya wasaka vipaji haina faida. Kijana wa raundi ya kwanza kwa jumla ni bora kuliko wa raundi ya sita, hilo liko wazi. Ninachosema ni kwamba kati ya huyu na anayemfuata, hakuna ofisi inayojua kwa uhakika. Na kama hakuna anayejua, basi tukitaka kuihukumu ofisi kwa haki tusianze kwa kuuliza jina. Tuanze kwa kuuliza bei: mmelipa nini kwa gunia hili, na mmebakiwa na magunia mangapi?

Hapo lazima mtu anitajie Tom Brady. Naona mkono umeshanyanyuka. Nafasi ya 199, raundi ya sita, mwaka 2000, na alitoka hapa hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Michigan. Akaja kuchukua Super Bowl, fainali ya ligi, mara saba, sita kati ya hizo na New England Patriots waliomchagua. Watu wanawasifu Patriots kwa jicho kali. Jicho gani? Mwaka ule ule, kabla ya kumwita Brady, Patriots walishachagua wachezaji sita wengine. Mtu anayejua kwamba kuna dhahabu kwenye gunia la kona hanunui kwanza magunia sita ya mahindi.

Kama ni sifa, mimi ningewapa kwa jambo ambalo halizungumzwi sana. Patriots wa mwaka 2000 walikuwa timu mbovu, walishinda mechi 5 wakafungwa 11. Kikosi kina watu 53 tu na kila kiti kina wenyewe wanaokihitaji. Kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua autupe au ampe mwenzake, timu nyingi huweka wawili, wakizidi watatu. Patriots walikata nafasi ya mtu mwingine wakaweka wanne, ili huyu kijana mwembamba wa nafasi ya 199 asiachwe akachukuliwa na wengine. Hawakuwa na haja naye msimu ule. Walikuwa wamemwona mazoezini miezi kadhaa, wakaona kitu, wakalipa bei ndogo ya kiti kimoja ili waendelee kumtazama. Septemba 2001 kwotabeki wao Drew Bledsoe akaumia, Brady akaingia, na Februari 2002 wakabeba kombe. Nafasi ya 199 ilikuwa bahati. Kile kiti cha nne kilikuwa uamuzi wa watu waliokaa wakafikiri.

Na sisi tunaye wa kwetu. Amon-Ra St. Brown alichaguliwa na Lions mwaka 2021, nafasi ya 112, raundi ya nne. Wadakaji 16 waliitwa kabla yake, na yeye mwenyewe anawakariri majina yote kwa mpangilio. Leo vijana wa hapa wanavaa jezi yake kanisani. Meneja mkuu Brad Holmes anasifiwa kwa chaguo hilo, na mimi namsifu, lakini tuwe wakweli. Lions wenyewe walimpita mara nne mwaka huo, nafasi ya 7, ya 41, ya 72 na ya 101, ndipo wakamkumbuka.

Turudi kwenye ukurasa wangu wa 2023, maana ahadi ni deni. Naomba ubao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dallas Cowboys chini ya kocha Jimmy Johnson walikuwa na utitiri wa nafasi za kuchagua, nyingi zikitokana na kumuuza Herschel Walker kwa Minnesota Vikings mwaka 1989. Biashara ya nafasi, yaani timu kubadilishana zamu zao za kuchagua, ikawa kubwa kwao mpaka wakahitaji mizani, wakatengeneza jedwali. Nafasi ya 1 ina pointi 3000. Ya 2 ina 2600. Ya 16 ina 1000. Ya 32, mwisho wa raundi ya kwanza, 590. Jedwali hilo likaenea ligi nzima, na mpaka leo mashabiki wanalitumia kupimia biashara.

Sasa tazameni. Usiku ule Lions walikuwa na nafasi ya 6. Hawakuitumia. Waliwapa Arizona Cardinals nafasi ya 6 na ya 81, wakapokea ya 12, ya 34 na ya 168. Tupige hesabu. Ya 6 ni pointi 1600, ya 81 ni 185, jumla 1785. Upande wa pili, ya 12 ni 1200, ya 34 ni 560, na ya 168 haifiki hata 30. Jumlisheni wenyewe. Inakaribia kabisa 1785. Kwenye jedwali ni nipe nikupe, hakuna aliyempunja mwenzake. Lakini Massey na Thaler walionyesha kwamba jedwali lenyewe limepinda. Nafasi za juu kabisa zinauzwa ghali kuliko kinachopatikana, kwa sababu kila ofisi inaamini inajua. Kwa hiyo anayeshuka kwa bei ya jedwali, mara nyingi ameondoka na faida mfukoni. Lions walishuka ngazi sita. Kwa nafasi ya 12 wakamchukua Jahmyr Gibbs, kwa ile ya 34 wakamchukua Sam LaPorta, anayezuia kama mlinzi na kudaka kama mdakaji.

LaPorta alidaka mipira 86 msimu wake wa kwanza. Gibbs mwaka 2024 alifunga tachidauni 20, yaani mara 20 mpira ulifika naye mwisho wa uwanja wa wapinzani. Vijana wamenitumia takwimu hizo kwenye simu mara nyingi, wakisema, "Mzee, unaona? Futa maneno yako."

Sifuti, na sababu si ukaidi. Nikisema Gibbs amewaka kwa hiyo walikuwa sahihi, nitakuwa nimevunja kanuni ninayowafundisha jioni hii. Gibbs angeweza kuumia goti siku ya kwanza ya mazoezi, Mungu apishe mbali, na uamuzi wa usiku ule ungebaki vile vile ulivyo. Kosa langu halikuwa kutojua kwamba Gibbs atawaka. Kosa langu liko hapa kwenye karatasi: niliandika majina mawili na hasira, sikuandika bei. Sikuandika kwamba wameshuka kutoka 6. Sikuandika kwamba kesho yake wana nafasi ya 34 ambayo asubuhi hawakuwa nayo. Bei ilikuwa mbele ya macho yangu kwenye runinga, mimi nikashughulika na jina.

Pale ninaposimama bado ni hapa. Mkimbiza mpira ni mtu anayepigwa kila siku, mwili wake unaisha mapema, na sokoni hiyo ni moja ya nafasi zinazolipwa kidogo. Ukitumia nafasi ya 12 kwake, umeacha kutumia nafasi ya 12 kwa mlinzi wa pembeni au kwa yule jitu la kumlinda kwotabeki, watu ambao ukienda kuwanunua sokoni wanakufilisi. Hiyo nayo ni bei, ingawa haionekani kwenye ubao huu. Kijana akinishinda kwa hoja hiyo nitaandika chini yake. Akinishinda kwa tachidauni tu, hapana.

Msidhani nahubiri kushuka kila siku. Mwaka 2022 Lions hao hao walipanda. Waliwapa Vikings nafasi ya 32, ya 34 na ya 66, wakapata ya 12 na ya 46, wakamchukua Jameson Williams akiwa ametoka kuumia goti Januari. Pigeni hesabu mkifika nyumbani, mtaona kwamba kwa jedwali lile Lions walipanda kwa bei ya kushuka. Vikings ni wapinzani wetu wa kundi moja, na mpaka leo mashabiki wao wanauliza ilikuwaje.

Mfano ambao kila mtu anaupenda ni wa Chicago Bears mwaka 2017, na naona unasimuliwa vibaya. Bears, chini ya meneja mkuu Ryan Pace, walipanda kutoka nafasi ya 3 kwenda ya 2 ili kumchukua kwotabeki Mitchell Trubisky. Walilipa nafasi ya 3, ya 67, ya 111 na ya raundi ya tatu ya mwaka uliofuata. Patrick Mahomes akaenda nafasi ya 10, Kansas City Chiefs, akaja kuchukua makombe. Watu wanacheka, "Bears walimwacha Mahomes!" Sawa, lakini timu tisa zilimpita Mahomes usiku ule. Na Chiefs nao walipanda, tena walipanda mbali, kutoka 27 hadi 10, wakawalipa Buffalo nafasi hiyo ya 27, ya 91 na ya raundi ya kwanza ya 2018. Kwa bei ya jedwali Bears hawakuibiwa. Tofauti ninayoiona mimi iko baada ya usiku wenyewe. Chiefs walikuwa na Alex Smith, kwotabeki mzoefu anayeshinda, na kocha Andy Reid ambaye hakuna aliyekuwa anamfukuza. Mahomes akakaa benchi msimu mzima, akaanza mechi moja tu, ya mwisho. Trubisky alianzishwa mechi ya tano, na msimu ulipokwisha kocha wake akafukuzwa, akaanza kufundishwa upya na mtu mwingine. Kama wangebadilishana nyumba, mambo yangekuwaje? Hakuna ajuaye, na mimi sidai kujua. Lakini mtu akimhukumu kijana bila kuitazama nyumba aliyopelekwa, amehukumu nusu ya kesi.

Wazee, mnamkumbuka Hasheem Thabeet? Mtoto wa Dar es Salaam. Huo ni mpira wa kikapu, lakini drafti ni ile ile. Mwaka 2009 aliitwa nafasi ya 2 na Memphis Grizzlies. James Harden alikuwa wa 3, Stephen Curry wa 7. Tulishangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Leo jina lake linatajwa kwenye orodha za waliofeli, na kila nikiliona hapo moyo unaniuma. Hakujichagua mwenyewe nafasi ya 2. Aliyeweka bei ile juu yake ni ofisi. Na alipofika alikuta nyumba yenye Marc Gasol, na kiangazi kile kile wakamleta Zach Randolph, majitu wawili mahali pake. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha wakamshusha ligi ya chini. Kijana aliyeanza kikapu akiwa mkubwa, anayehitaji dakika nyingi uwanjani ajifunze, akapewa benchi. Mimi sisemi angekuwa Gasol. Nasema lawama yote imemwangukia aliyebebwa, waliombeba hatuwataji.

Kinyume chake pia kipo, na kipo hapa hapa Detroit. Calvin Johnson, nafasi ya 2, mwaka 2007. Hakuna chaguo lililo sahihi kuliko lile. Mwaka 2012 alipata yadi 1964 za kudaka, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja, na msimu huo huo Lions walishinda mechi 4 tu. Katika misimu yake tisa hapa timu haikushinda hata mechi moja ya mtoano. Akastaafu ana miaka 30, mwili umechoka. Ofisi ile ilichagua vizuri kuliko wote usiku mmoja, na ilikuwa ofisi mbovu mchana wa kila siku. Ndiyo maana mtu akiniambia meneja fulani ni hodari kwa sababu alimchagua fulani, namuuliza: na siku nyingine 364?

Kuna jambo la muda. Hili linaniuma zaidi, kwa sababu limewahi kunigusa mwenyewe. Kiwanda kimoja nilichofanya kazi zamani, sikitaji, walinitia kwenye kamati ya kuajiri. Tulihoji watu tisa kwa nafasi moja. Nikampigania kijana mmoja, wakakubali. Baada ya wiki sita alipata msiba kwao, akaondoka, hakurudi. Kwa miaka miwili kila nikifungua mdomo kwenye kikao mkubwa wangu alisema, "Wewe ndiye uliyetuletea yule." Nilikuwa nimehifadhi karatasi zangu za usaili, alama za wote tisa, na mkubwa hakutaka kuzitazama hata siku moja. Nikajifunza kunyamaza. Hivyo ndivyo ofisi inavyokufa, wanaofikiri wanaacha kusema.

Cleveland Browns mwaka 2016 walimpa Sashi Brown ofisi. Alifanya kazi moja kwa uvumilivu wa mkulima, kukusanya nafasi za kuchagua. Machi 2017 alikubali kubeba mkataba wa kwotabeki Brock Osweiler kutoka Houston, milioni 16 za mtu ambaye hakumhitaji, ili apewe pamoja naye nafasi ya raundi ya pili ya 2018. Yaani alinunua nafasi kwa fedha taslimu. Mwezi uliofuata, usiku wa drafti, akashuka tena na Houston wakampa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2018. Timu uwanjani ilikuwa inateketea. Walishinda mechi 1 mwaka 2016, na 2017 hawakushinda hata moja. Desemba 2017 wakamfukuza. Aprili iliyofuata, kwa nafasi zile mbili za Houston, wengine wakamchukua Denzel Ward na Nick Chubb, na Januari 2021 Browns wakashinda mechi ya mtoano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 26. Aliyechumia juani hakuwepo kivulini. Simwoshi Sashi Brown: aliacha nafasi ya kumchagua kwotabeki zaidi ya mara moja, na huwezi kuwaambia watu wanaokata tiketi wasubiri vipigo 31 katika mechi 32. Lakini mmiliki anayefukuza kabla ya mavuno anawafundisha wote wanaofuata kula mbegu. Meneja anayeogopa kufukuzwa Desemba atauza nafasi za miaka miwili ijayo bila kupepesa macho. Za nini kwake? Hatakuwepo.

Hapo ndipo nampa heshima Sheila Ford Hamp, mama anayemiliki Lions. Oktoba 2022 timu ilikuwa imeshinda mechi moja tu, watu mjini wanataka kichwa cha Holmes na cha kocha Dan Campbell. Mama yule akatoka uwanjani wa mazoezi, akasimama mbele ya waandishi wa habari, akasema anawaamini na akaomba subira. Sikuandika kitu siku hiyo, najuta. Lilikuwa chaguo kubwa kuliko la Aprili yoyote. Walimaliza msimu ule wakiwa na ushindi 9 na vipigo 8, mwaka uliofuata 12 kwa 5, na uliofuata 15 kwa 2.

Kabla sijakaa niwaonyeshe ukurasa mmoja wa mwisho. Huu si wa Aprili, ni wa 30 Januari 2021. Siku hiyo walimuuza Stafford, yule niliyeanza naye daftari hili, kwa Los Angeles Rams. Nimeandika maneno machache tu: "Stafford ameuzwa. Tumepewa Goff na ahadi." Goff alikuwa kwotabeki wao, kama Stafford alivyokuwa wetu. Ahadi zenyewe zilikuwa nafasi za kuchagua: ya raundi ya tatu mwaka ule ule, na za raundi ya kwanza za 2022 na 2023. Ile ya 2023 ndiyo ile nafasi ya 6 tuliyoipigia hesabu ubaoni, ndiyo iliyozaa Gibbs na LaPorta. Februari 2022, mwaka mmoja baada ya kuuzwa, Stafford akachukua Super Bowl na Rams. Nikafungua ukurasa huu niandike kwamba tumepunjwa, nikajizuia. Tarehe 14 Januari 2024 Rams wakaja Detroit, mechi ya mtoano, Stafford upande ule na Jared Goff upande huu. Tukashinda 24 kwa 23. Ushindi wa kwanza wa mtoano kwa Lions baada ya miaka 32. Mke wangu alilia, na yeye mpira haujui. Usiku ule nikafungua tena ukurasa huu, nikashika kalamu niandike kwamba tumefaidi.

Rams wana kombe. Sisi tuna vijana. Mistari chini ya maneno yale bado mitupu, mnaweza kuja kutazama. Nani hapa ananipa sentensi ya kuandika? Chai ipo tayari, mwenye hoja aje nayo na kikombe chake.